SHUJAA NI MTU WA NAMNA GANI?

Kila mwaka tarehe 20 Oktoba nchi ya Kenya huadhimisha Siku ya Mashujaa. Siku hii imetajwa katika Katiba ya mwaka 2010. Kabla ya hapo iliitwa Siku ya Kenyatta, kwa ukumbusho wa tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari na kuwakamata viongozi wa Waafrika. Siku hizi hakumbukwi mtu mmoja wala kundi moja tu, bali wote walioitendea nchi jambo kubwa. Mwaka 2014 ilitungwa sheria maalumu ya kuwachagua mashujaa wa taifa na kuwapa heshima yao.

Lakini sheria yaweza kumpa mtu nishani. Haiwezi kumpa ushujaa wenyewe. Nishani hufuata tendo, kama vile kivuli kimfuatavyo mtu. Kwa hiyo yafaa kuuliza tendo lenyewe ni la namna gani. Ni kitu gani hasa kimfanyacho mtu awe shujaa, hata pasipo nishani, pasipo ngoma na pasipo jina lake kuandikwa katika gazeti?

Mjini Eldoret swali hili lina uzito wake wa pekee. Mji huu ulianzishwa katika shamba namba 64, na kwa muda mrefu watu waliuita kwa namba hiyo, Sitini na Nne. Ofisi ya posta ilifunguliwa mwaka 1910, jina la Eldoret likatolewa mwaka 1912, na tarehe 15 Agosti 2024 mji ukapandishwa cheo kuwa jiji. Watu hupenda kuuita mji wa mabingwa, kwa sababu wakimbiaji wengi waliojipatia sifa duniani wametoka katika nchi hii ya juu, au wamefanya mazoezi yao humo. Mmojawapo wa mitaa yake huitwa Pioneer. Neno hilo ni la Kiingereza, na maana yake ni mtangulizi, yaani mtu afikaye mahali kabla ya wengine.

Basi kijana akuaye Pioneer husikia tangu utoto wake majina ya watu waliotangulia wenzao kwenye utepe. Ni rahisi kwake kudhani kwamba shujaa ni yule atanguliaye, na kwamba aliyebaki nyuma si kitu. Mafundisho haya yanalipima wazo hilo, kwa mifano ya watu waliojulikana na kwa mambo yaliyotukia kweli.

MAANA YA NENO

Katika Kiswahili kuna maneno mengi yakaayo karibu na neno shujaa, na watu wengi huyachanganya. Bingwa ni mtu aliyewashinda wengine katika kazi au mchezo. Hodari ni mtu mwenye nguvu na bidii. Jasiri ni mtu asiyeogopa, au aogopaye lakini hafuati woga wake. Maarufu ni mtu ajulikanaye na wengi. Mtu aweza kuwa na sifa hizi zote nne, naye asiwe shujaa. Mwizi avunjaye nyumba usiku ni jasiri. Mnyang'anyi aweza kuwa hodari na maarufu kuliko watu wote wa wilaya yake. Hakuna awaitaye mashujaa, ila wale wanaokula pamoja nao.

Wazee walilijua jambo hili. Walisema: Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Watu wengine huitumia methali hii kumwonya kijana asijitie katika hatari, nayo ni maonyo mema. Lakini ndani yake mna fundisho jingine. Wazee hawakusema kwamba kwa shujaa huenda zawadi, wala kwamba kwa shujaa huenda shangwe. Walisema huenda kilio. Yaani walijua kwamba ushujaa una gharama, na kwamba gharama hiyo hulipwa na shujaa mwenyewe na watu wa nyumba yake. Hiki ndicho kipimo cha kwanza: mahali pasipo na gharama, hapana ushujaa.

NGUVU PEKE YAKE HAITOSHI

Watu wa pwani wamehadithiana tangu zamani habari za Fumo Liyongo, mtu mrefu, mwenye nguvu na mwenye utungo. Yasemekana hakuna silaha iliyoweza kumwua ila sindano ya shaba, achomwe nayo kitovuni. Adui zake walimshawishi mwanawe mwenyewe, naye akamchoma baba yake alipokuwa amelala. Liyongo aliamka, akachukua upinde na mishale, akaenda akapiga goti karibu na kisima. Akafa katika hali hiyo, mshale ukiwa tayari katika upinde.

Hadithi husema kwamba watu wa mji hawakujua kwamba amekufa. Kwa siku kadhaa hakuna aliyethubutu kwenda kisimani kuteka maji, kwa kumhofu mtu aliyepiga goti.

Hapana shaka Liyongo ni mtu mkuu katika hadithi za Waswahili, wala hakuna awezaye kumvua heshima yake. Lakini msomaji akifikiri kisima kile ataona jambo la kuzingatia. Nguvu ikiwa kubwa hutisha, na mwenye kutishwa hapambanui sana kati ya adui na rafiki. Watu walishinda na kiu kwa kuogopa nguvu ya mtu mmoja. Nguvu ni kama moto jikoni: hupika chakula na huunguza nyumba. Sifa yake hutoka katika kazi iliyofanywa kwayo, si katika ukubwa wake.

KUSHINDA SI KIPIMO

Wengine husema kwamba shujaa ni yule ashindaye vita. Tazama basi habari za Koitalel arap Samoei, aliyekuwa orkoiyot, yaani kiongozi mkuu wa dini na wa vita wa Wanandi. Watu wake walishindana na Waingereza kwa muda wa miaka kumi hivi, tangu mwaka 1895 hata 1905, wakati reli ya kutoka Mombasa ilipokuwa ikisogea kwenye ziwa na kupita katika nchi yao. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel aliitwa kwenye mkutano wa kufanya amani, na huko akapigwa risasi na afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen. Baada ya kifo chake vita vikaisha, na Wanandi wakapoteza sehemu ya nchi yao.

Kwa hesabu ya vita, Koitalel alishindwa. Hakurudisha ardhi, hakuizuia reli, hakuona mwisho wa jambo alilolipigania. Walakini katika nchi ya Nandi jina lake lilidumu, na lingali likiheshimiwa zaidi ya miaka mia moja baada ya kufa kwake, huku majina ya wengi waliokuwa upande wa washindi yamesahauliwa. Kama ushindi ndio kipimo, jambo hili halina maelezo. Lakini kama kipimo ni gharama ambayo mtu alikubali kuilipa kwa ajili ya watu wake, jambo zima ni wazi.

MTU WA KUMI KATIKA MBIO ZA MEXICO

Mfano unaokaa karibu zaidi na watu wa Eldoret ni ule wa mbio za mita 1,500 katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968, mjini Mexico. Mbio hizo zilikimbiwa tarehe 20 Oktoba, siku ile ile ambayo sasa ni Siku ya Mashujaa.

Wakenya wengi waijua sehemu moja ya habari hii. Bwana Kipchoge Keino, aliyezaliwa Nandi mwaka 1940 na kufanya kazi katika polisi, alifika Mexico akiwa na ugonjwa wa nyongo. Katika mbio za mita 10,000 maumivu yalimwangusha kabla ya kumaliza. Siku chache baadaye akakimbia mita 5,000 na kupata nishani ya fedha, nyuma ya Mohammed Gammoudi wa Tunisia. Madaktari walimshauri asikimbie tena. Siku ya mita 1,500 alipanda basi kwenda uwanjani; basi likakwama katika msongamano wa magari, naye akashuka na kumaliza safari kwa kukimbia. Kisha akaingia uwanjani na kumshinda Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia, ambaye kwa zaidi ya miaka mitatu hakuwa ameshindwa katika mbio za namna hiyo. Keino alitumia dakika 3 na sekunde 34.9, na Ryun alikuwa nyuma yake kiasi cha mita 20.

Sehemu ya pili ya habari hujulikana na wachache. Ryun alikuwa na mbio kali sana za mwisho. Mtu aliyekwenda naye polepole mpaka mzunguko wa mwisho alikuwa ameshindwa tayari. Njia ya kumshinda ilikuwa moja: kuzifanya mbio ziwe kali tangu mwanzo, katika mji ulio juu ya bahari kwa zaidi ya mita 2,200, ambako hewa ni nyepesi na mtu asiyeizoea huchoka upesi. Lakini akimbiaye kwa ukali tangu mwanzo hujimaliza mwenyewe. Hapana budi mtu mwingine ajitolee.

Mtu huyo alikuwa Bwana Ben Jipcho, kijana kutoka upande wa Mlima Elgon. Mlio wa kuanza uliposikika Jipcho akatoka mbele kwa kasi, akamaliza mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56 hivi. Hiyo haikuwa kasi ya mtu anayetaka nishani. Ilikuwa kasi ya mtu anayemfungulia mwenzake mlango. Keino akamfuata, kisha akapita, akaenda zake. Jipcho nguvu zikamwishia, na wengine wakampita mmoja mmoja. Alimaliza akiwa wa kumi.

Msomaji afikiri jambo hilo. Mkimbiaji hufanya mazoezi miaka mingi ili asimame mara moja katika mbio za mwisho za Olimpiki. Wengi hawafiki kabisa. Jipcho alifika, na nafasi ile akaitumia kwa ajili ya mtu mwingine. Hakuna nishani ya mtu wa kumi. Wimbo wa taifa ulipopigwa, yeye hakuwa jukwaani. Mtangulizi wa kweli siku ile, yule aliyekwenda mbele ya wote tangu mwanzo, ndiye aliyefika nyuma.

Yapasa kusema pia kwamba habari hii ina upande wake wa pili. Sheria haikuvunjwa, lakini wako waliouliza kama ni haki watu wawili kushindana na mmoja. Yasimuliwa kwamba baadaye Jipcho mwenyewe alimwomba Ryun radhi. Jambo hilo halimpunguzi, lamwongeza. Mtu aliyetoa sadaka kwa ajili ya wenzake bado aliona kwamba aliyeshindwa naye ni mtu, na kwamba anastahili kuzingatiwa.

Wala Jipcho hakuwa mtu dhaifu ambaye hakuwa na kitu cha kupoteza. Mwaka 1972, mjini Munich, alipata nishani ya fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji, Keino akipata ya dhahabu. Mwaka 1973 alivunja rekodi ya dunia katika mbio hizo. Mwaka 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, alipata dhahabu mbili na shaba moja. Alifariki mjini Eldoret mwezi wa Julai 2020. Mtu huyu alikuwa na uwezo wa kujitafutia sifa zake, na bado siku moja aliziacha. Hiki ni kipimo cha pili: shujaa hutoa kitu alicho nacho kweli, naye hukitoa kwa hiari. Asiye na kitu hawezi kusifiwa kwa kutoa, na aliyelazimishwa hawezi kusifiwa kwa kukubali.

BAADA YA UTEPE

Keino naye yampasa kutazamwa upya. Kama angalirudi nyumbani na nishani zake, akaishi kwa sifa zake mpaka uzee, angalibaki bingwa, na hakuna ambaye angalimlaumu. Lakini yeye na mkewe, Bibi Phyllis, ambaye alikuwa muuguzi, waliwapokea watoto yatima na walioachwa na wazazi wao, wakawalea nyumbani kwao pamoja na watoto wao wenyewe. Kazi ile ikakua, ikawa makao ya watoto katika shamba lao karibu na Eldoret, na tena ikazaa shule. Watoto waliopita mikononi mwao wanahesabiwa kwa mamia. Ndiyo sababu, michezo ya Rio de Janeiro ilipofunguliwa mwezi wa Agosti 2016, Kamati ya Olimpiki ilimpa Keino tuzo mpya iitwayo Shada la Olimpiki, naye akawa mtu wa kwanza duniani kuipokea. Tuzo hiyo haikutolewa kwa mbio, bali kwa kazi ya elimu, maendeleo na amani kwa njia ya michezo.

Mbio za Mexico zilidumu dakika tatu na nusu. Kulea mtoto mmoja ni kazi ya miaka. Kuna uji wa asubuhi, homa ya usiku, karo ya shule, viatu vilivyochakaa, na mtoto aliyeumizwa moyo asiyemwamini mtu. Hakuna umati unaopiga makofi mama anapoamka saa nane za usiku kumtazama mtoto asiye wake. Yamkini sehemu kubwa ya ushujaa wa ulimwengu huu ni ya namna hiyo, na ndiyo maana haionekani.

ALIYEKATAA KUSHINDA

Tarehe 2 Desemba 2012, katika mji wa Burlada nchini Hispania, kulikuwa na mbio za nyika. Bwana Abel Mutai wa Kenya, aliyekuwa amepata nishani ya shaba katika Olimpiki ya London mwaka huo huo, alikuwa akiongoza kwa mbali. Kwa kukosea, alidhani amekwisha kufika, akapunguza mwendo na kusimama mita chache kabla ya mstari. Nyuma yake alikuja kijana Mhispania, Iván Fernández Anaya. Alikuwa na nafasi ya kumpita na kushinda. Hakumpita. Alikaa nyuma yake, akamwashiria kwa mikono aendelee mpaka mstarini, akamwacha ashinde.

Wako waliomwona kuwa mjinga. Hata mwalimu wake, Martín Fiz, aliyepata kuwa bingwa wa dunia katika mbio za maratoni, alisema kwamba yeye mwenyewe asingalifanya hivyo. Lakini kijana yule aliona kwamba Mutai alikuwa mshindi tayari, na kwamba kumpita kwa sababu ya kukosea kwake hakungekuwa kushinda, bali kuokota.

Jambo hili ni dogo likilinganishwa na vita na kifo. Lakini lina kipimo cha tatu ndani yake: ushujaa hauachani na haki. Mtu aweza kulipa gharama kubwa, tena kwa hiari, kwa ajili ya jambo baya. Jambazi aweza kufa akiwatetea majambazi wenzake. Huo si ushujaa, kwa sababu gharama imelipwa sokoni mwa dhuluma.

KATIKA BASI LA MANDERA

Tarehe 22 Novemba 2014 watu wenye silaha walilisimamisha basi lililotoka Mandera, kaskazini mashariki ya Kenya, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuwaua watu 28. Kila mtu aliyesafiri katika njia ile baada ya siku hiyo alijua jambo lililowezekana kumpata.

Tarehe 21 Desemba 2015 basi jingine, likielekea Mandera, likashambuliwa vivyo hivyo. Wauaji wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake wakawapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike, ili wasitambulikane. Abiria wakasema kwamba wauawe wote au waachwe wote. Miongoni mwao alikuwa mwalimu mmoja Mwislamu, Bwana Salah Farah. Alipigwa risasi, akapelekwa hospitali Nairobi, akafariki mwezi wa Januari 2016. Serikali ilimpa nishani baada ya kufa kwake, na habari ya basi lile ikatengenezewa sinema mwaka 2017.

Salah Farah hakuwa askari. Hakuwa amejizoeza kwa siku ile. Watu aliowatetea hawakuwa ndugu zake wala wa dini yake. Kama angalisogea hatua chache kando, kama alivyoamriwa, hakuna mahakama ambayo ingalimhukumu. Hapa vipimo vyote vimekutana mahali pamoja: gharama, hiari na haki. Na tena cha nne kimeongezeka, ambacho ni kikubwa kuliko vyote: shujaa huupanua uwanja wa watu anaowaita wake.

Maana kila kiumbe humtetea mwanawe. Hata kuku humrukia mwewe. Kumtetea ndugu ni jambo jema, lakini ni deni. Ushujaa huanza hasa pale ambapo mtu hana deni, na bado analipa.

MTIHANI WA ELDORET

Watu wa Eldoret hawana haja ya kwenda Mandera ili kulielewa jambo hili. Baada ya uchaguzi wa mwezi wa Desemba 2007 majirani walishambuliana kwa sababu ya kabila. Watu zaidi ya 1,100 walikufa katika Kenya nzima, na mamia ya maelfu wakakimbia makao yao. Tarehe 1 Januari 2008, katika kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokuwa wamekimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto, walichomwa moto.

Siku zile palikuwa na vijana walioitwa mashujaa na wenzao kwa sababu walibeba pinde na mapanga. Walikwenda wengi pamoja, wakiwafuata watu wachache wasio na silaha. Palikuwa na watu wengine pia, wa makabila yote, waliowaficha majirani zao ndani ya nyumba, chini ya vitanda, katika ghala za mahindi, huku wakijua kwamba wakionekana nyumba zao zitachomwa. Kundi la kwanza lilikuwa na kelele. La pili halikusema neno, maana kusema kungaliua mtu. Wengi wa kundi hili la pili hawajulikani hata leo, ila na wale waliookoka. Hakuna mtaa ulioitwa kwa majina yao.

Kama Siku ya Mashujaa ina maana, ni siku yao pia.

FUNDISHO KWA KIJANA

Pengine kijana atasema: "Hakuna vita leo, wala mimi si mkimbiaji. Ushujaa utanipatia wapi nafasi?" Jibu ni kwamba nafasi huja kila siku, nayo aghalabu haina sura ya kupendeza.

Mkimbiaji huletewa dawa ya kumwongezea nguvu, akiambiwa kwamba kila mtu hutumia. Kenya ilitunga sheria dhidi ya jambo hilo mwaka 2016 na kuunda shirika la kulipiga vita, kwa sababu wakimbiaji wengi wa nchi hii walikuwa wamefungiwa. Yule anayekubali aweza kuwa bingwa kwa mwaka mmoja. Yule anayekataa aweza kurudi nyumbani mikono mitupu, akachekwa. Kwa mwoga huenda kicheko. Lakini siku hizi kicheko chaweza kwenda kwa shujaa pia, na kukivumilia ni sehemu ya gharama.

Mwendesha boda boda hupewa noti chache aende akarushe mawe kwenye mkutano wa mtu asiyemjua. Karani wa ofisi huombwa aifiche faili ya mjane ili shamba lichukuliwe. Mwanafunzi huwaona wenzake wakimwonea mtoto mgeni kwa sababu ya lugha yake. Katika kila jambo la namna hii kuna mstari mdogo, kama ule wa abiria wa basi: wewe kaa huku, wao wakae kule. Ajitengaye husalimika. Asiyejitenga huanza kulipa.

Wala mtu asidhani kwamba shujaa haogopi. Asiyeogopa kabisa hajui hatari, na asiyejua hatari hana sifa ya kuikabili. Shujaa huogopa kama watu wote. Ila kuna jambo analoliogopa zaidi, nalo ni kuishi baada ya kumwacha mwenziwe. Basi mtangulizi wa kweli si lazima awe yule aliyeukata utepe. Ni yule aliyetangulia kulipa, wakati wengine walipokuwa wakingoja kuona nani ataanza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA BARAZANI NA SHULENI

1. Kuna tofauti gani kati ya bingwa, jasiri na shujaa? Toa mfano wa kila mmoja.

2. Je, Ben Jipcho alitenda haki kwa Jim Ryun? Toa sababu za pande zote mbili.

3. Kwa nini kumtetea mtu asiye wa kabila lako wala wa dini yako ni jambo gumu kuliko kumtetea ndugu?

4. Mtaani au kijijini kwako kuna mtu ambaye alilipa gharama kwa ajili ya wengine bila kutangazwa? Je, mwaweza kumheshimu kwa njia gani angali hai?